Ganda la Risasi Kuukuu: Namna ya Kuijua Shaba Njema na Hatari Zake

Miji ya Busia na Malaba imo mpakani mwa Kenya na Uganda. Barabara kuu itokayo Mombasa kupitia Nairobi, Eldoret na Webuye hufika Malaba, ambako reli nayo huvuka mpaka kuelekea Tororo na Kampala. Na barabara ipitayo Kisumu hufika Busia, ambako kituo cha pamoja cha forodha cha nchi hizi mbili kilifunguliwa rasmi na marais wao mwezi wa Februari, 2018. Malori hupita usiku na mchana. Na palipo na malori mengi hapakosi vyuma chakavu: rejeta zilizotoboka, bushi zilizolika, betri zilizokufa, na mabomba ya maji yaliyovunjika. Wako watu wanaoishi kwa kuvikusanya vitu hivyo katika mikokoteni na magunia, wakavipeleka kwa wenye mizani, na wenye mizani wakaviuza kwa viwanda vya kuyeyushia.

Katika mizigo hiyo shaba ndiyo inayotafutwa zaidi, maana kilo moja ya shaba hupata bei kubwa kuliko kilo nyingi za chuma. Mara moja moja, chini ya gunia, huonekana maganda ya risasi za bunduki. Mwenye kuyaona humjia maswali matatu. Je, hii ni shaba njema? Je, ni kweli kwamba maganda haya yaweza kujazwa baruti tena, na kwa hiyo yana thamani kuliko shaba nyingine? Na je, kuwa nayo ni halali, tena ni salama? Yafaa kila mwenye kununua na kuuza vyuma chakavu ayajue majibu ya maswali hayo, maana kosa katika la kwanza humpotezea mtu fedha, bali kosa katika mengine huweza kumpotezea uhuru wake, au macho yake, au uhai wake.

SHABA YA MANJANO NI NINI

Kwa Kiswahili neno shaba hutumika kwa madini mawili. La kwanza ni shaba nyekundu, ambayo hutoka ardhini na ndiyo ifanywayo nyaya za umeme. La pili ni shaba ya manjano, ambayo wengine huiita shaba nyeupe, na mafundi wa jua kali huiita brasi. Shaba hii ya manjano haichimbwi. Hufanywa kwa kuyeyusha shaba nyekundu pamoja na zinki. Tabia yake hutegemea kiasi cha kila kimoja. Shaba ya maganda ya risasi huwa na sehemu 70 za shaba nyekundu na sehemu 30 za zinki katika kila 100. Shaba ya mabomba na vali mara nyingi huwa na zinki zaidi, hata kufikia karibu 40 katika 100, tena hutiwa risasi kidogo, yaani ile madini laini na nzito, ili ikatike vyepesi katika mashine. Kwa hiyo shaba ya ganda ni safi na laini kuliko shaba ya bomba.

Watu wa upande huu wa nchi si wageni wa kazi ya madini. Katika vilima vya Samia, kusini ya mji wa Busia, wahunzi wa zamani waliyeyusha mawe ya chuma kwa makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyouzwa mbali na hata kutolewa mahari. Mhunzi wa namna hiyo aliijua kazi yake kwa jicho, kwa sikio na kwa mkono. Lakini shaba ina tabia iliyo kinyume cha chuma. Chuma cha pua kikitiwa motoni mpaka kikawa chekundu, kisha kikatoswa majini, huwa kigumu. Shaba ikitiwa motoni huwa laini, hata ikitoswa majini. Kinachoifanya shaba kuwa ngumu ni kupigwa, kukunjwa na kuvutwa ingali baridi; na ikizidi kupigwa bila kulainishwa kwa moto, mwisho hupasuka. Jambo hili moja ndilo ufunguo wa kuelewa mambo yote yanayofuata.

KAZI YA GANDA NDANI YA BUNDUKI

Risasi nzima ina sehemu nne. Mbele ni kichwa cha risasi, ambacho ndicho kirukacho. Nyuma yake ni ganda la shaba. Ndani ya ganda mna baruti. Na katikati ya kitako cha ganda mna fataki, nayo ni kikombe kidogo sana chenye dawa iwakayo kwa kugongwa. Mpigaji avutapo kifyatuo, msumari wa bunduki hugonga fataki. Fataki huwasha baruti. Na baruti hugeuka kuwa moshi wenye nguvu unaosukuma kichwa cha risasi mtutuni.

Nguvu hiyo ni kubwa kuliko watu wengi wadhanivyo. Gurudumu la lori hujazwa upepo wa kiasi cha ratili 110 kwa kila inchi ya mraba. Ndani ya bunduki ya .303, aina iliyotumiwa na askari wa King's African Rifles katika vita vya zamani, nguvu hupita ratili 45,000 kwa kila inchi ya mraba. Nayo ni kama mara 400 ya nguvu ya gurudumu lile. Kinachomkinga mpigaji na moshi huo ni chuma cha bunduki pamoja na ganda lile jembamba. Katika nukta hiyo ganda hutanuka, likajibana na kuta za mtutu na kuziba kila upenyo, moshi usirudi nyuma machoni mwa mtu. Nguvu ikiisha, ganda hunywea kidogo, nalo hutoka kwa urahisi. Madini yaliyo magumu mno yangepasuka. Yaliyo laini mno yangeganda mtutuni. Shaba ya 70 kwa 30 ina ulaini na ugumu kwa kiasi kinachofaa, ndiyo maana imechaguliwa.

Tena ganda halikufanywa kwa ugumu mmoja. Kitako ni kinene na kigumu, maana hakina budi kuishika fataki; shingo ni nyembamba na laini, maana hushika kichwa cha risasi na kukiachia. Katika maganda mengi ya kijeshi huonekana alama ya rangi ya zambarau au ya hudhurungi karibu na shingo. Alama hiyo si uchafu wala kasoro. Ni dalili kwamba shingo ililainishwa kwa moto kiwandani.

WAKAGUZI WA MAGANDA HUTAZAMA NINI

Katika nchi kama Marekani, ambako sheria humruhusu mpiga shabaha kujaza tena maganda yake mwenyewe, watu wamejifunza kwa uangalifu mkubwa kulitenga ganda zima na ganda lililochoka. Yafaa kuyaeleza mambo wanayotazama, maana yanaonyesha jinsi shaba inavyozeeka, na jinsi ganda liokotwalo njiani lilivyo mbali na kufaa.

Kwanza, huangalia kama ni shaba kweli. Maganda mengi ya risasi za milimita 7.62 za bunduki aina ya AK hayakufanywa kwa shaba. Yamefanywa kwa chuma cha pua, kisha yakapakwa rangi ya kijani au ya kijivu, au yakavikwa utando mwembamba wa shaba nyekundu. Machoni yanaweza kudanganya, lakini sumaku haidanganyiki.

Pili, hutazama shingo. Kila mara risasi ipigwapo, shingo hutanuka. Na kila mara ganda litengenezwapo tena, shingo hubanwa. Ni sawasawa na waya ukunjwao huku na huku mpaka ukakatika. Ufa wa shingo huanza kama unywele, na huweza kuonekana kwa jua la asubuhi kwa mtu aligeuzaye ganda polepole.

Tatu, hutazama sehemu ya chini, juu kidogo ya kitako. Hapo ndipo ganda livutikapo zaidi. Pakionekana mstari ung'aao unaozunguka ganda kama pete, mara nyingi ni dalili kwamba ukuta umekuwa mwembamba kwa ndani, na ganda li karibu kukatika vipande viwili. Ganda la namna hiyo likikatika ndani ya bunduki, moshi wa moto hurudi kwa mpigaji.

Nne, hutazama tundu la fataki. Fataki ikilegea, au kukiwa na alama nyeusi za moshi kuizunguka, kitako kimekwisha tanuka, na hakuna fundi awezaye kukirudisha kama kilivyokuwa.

Tano, hutazama ndani ya ganda kujua namna ya fataki yake. Namna ya kwanza huitwa Boxer, kwa jina la afisa wa Kiingereza, nayo ina tundu moja katikati. Namna ya pili huitwa Berdan, kwa jina la Mmarekani, nayo kwa kawaida ina matundu mawili madogo. Zote mbili zilibuniwa katika miaka ya 1860. Wajazaji hupenda ya Boxer, maana fataki yake kuukuu husukumwa nje kwa urahisi kwa pini moja; ya Berdan huwapa taabu, na wengi huyatupa. Maganda ya kijeshi ya Ulaya na Urusi mengi ni ya Berdan.

Sita, hutazama rangi. Shaba iliyofifia na kuwa ya kahawia haikuharibika. Ni uzee wa kawaida. Lakini penye kutu ya kijani iliyochimba vishimo, au penye madoa mekundu, zinki imekwisha liwa na shaba haina nguvu tena. Aidha fataki za zamani sana zilikuwa na zebaki ndani yake, na zebaki hiyo huingia katika shaba na kuifanya ivunjike kama gae, ingawa kwa macho haionekani kasoro yo yote.

Msomaji akiyapima mambo hayo sita ataona jibu la swali la pili. Ganda lililookotwa, lililokanyagwa na gurudumu, lisilojulikana limepigwa na bunduki gani wala mara ngapi, halina thamani kwa mjazaji mwangalifu. Mizani hupima uzito. Haipimi uchovu wa madini.

SHERIA YA KENYA

Hata kama ganda lingekuwa zima, njia hiyo imefungwa kwa mtu asiye na ruhusa. Sheria ya Bunduki ya Kenya, Sura ya 114, haimruhusu mtu kuwa na bunduki wala risasi pasipo cheti, na biashara ya kuzitengeneza ni ya waliosajiliwa tu. Ganda likitiwa fataki, baruti na kichwa, si shaba kuukuu tena. Ni risasi, na aliye nayo bila cheti ana kesi. Kenya ina kiwanda chake cha serikali cha kutengeneza risasi huko Eldoret, na Uganda ina chake huko Nakasongola. Hakuna kati ya viwanda hivyo kinachohitaji maganda ya kuokotwa na watu.

Zaidi ya hayo, kitako cha ganda kina maandishi. Herufi na tarakimu zilizogongwa hapo mara nyingi humjulisha mwenye ujuzi kiwanda kilichofanya risasi ile na mwaka wake. Kwa polisi maandishi hayo huweza kuwa ushahidi. Katika Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa sahihi mwezi wa Aprili, 2004, Kenya, Uganda na nchi jirani zilikubaliana kushirikiana katika kuzuia silaha haramu zisizagae. Kwa hiyo mtu akikuta maganda mengi mahali pasipo na kambi wala uwanja wa shabaha, huenda amekuta nyayo za uhalifu. Kuyapakia guniani ni kufuta nyayo hizo. Na anayeyapakia hujiweka mwenyewe katika shaka.

MAGANDA YALIYOPASUKA HUKO BARA HINDI

Lipo jambo moja lililotokea Bara Hindi zamani za utawala wa Waingereza, nalo lina faida kwa kila mkulima wa Busia hata kama hajapata kuona bunduki. Majeshi yaliweka risasi zao katika mazizi ya farasi wakati wa masika. Masika yalipokwisha, maganda mengi yalikutwa yamepasuka, ingawa hakuna aliyeyagusa. Watu walistaajabu, maana hayakupigwa wala hayakuanguka. Kwa kuwa mipasuko ilikuja na majira ya mvua, jambo hilo likaitwa ufa wa majira.

Katika mwaka wa 1921 wataalamu watatu wa Kiingereza, Moor, Beckinsale na Mallinson, walieleza sababu yake. Mkojo wa farasi hutoa amonia, ile hewa kali ichomayo pua. Amonia ikichanganyika na unyevu hushambulia shaba. Nayo shaba ya maganda ilikuwa na mkazo ndani yake tangu ilipofinyangwa kiwandani, kama kamba iliyovutwa sana. Mkazo peke yake haukulipasua ganda, wala amonia peke yake. Viwili hivyo vilipokutana, ufa ulitokea. Dawa ilikuwa ni kuyatia maganda joto la kiasi baada ya kuyafinyanga, ili mkazo ule uondoke, na kuyatenga na mazizi.

Wakulima wengi wana bomba la kunyunyizia dawa lenye vipande vya shaba, au stovu ya mafuta ya taa yenye tangi la shaba, au bomba la maji. Vitu hivyo vikiwekwa katika banda la mbuzi au la kuku, au chumba kimoja na mbolea ya urea iliyolowa, hukutana na amonia ile ile iliyopasua maganda. Baada ya muda mwenyewe hukuta nati imepasuka, akamlaumu aliyemwuzia. Inafaa vioshwe, vikaushwe, na kuwekwa mahali penye hewa safi, mbali na samadi na mbolea.

VIPIMO VYA SOKONI

Sasa tuseme mtu ana shaba chakavu ya halali, kama vile rejeta, bushi na mabomba yake mwenyewe. Ataijuaje shaba njema bila mashine? Viko vipimo vitano, na kimoja peke yake hakitoshi.

Kipimo cha kwanza ni sumaku. Shaba haivutwi na sumaku. Kitu cha rangi ya manjano kikivutwa, ni chuma kilichovikwa shaba, na hakistahili bei ya shaba. Lakini kitu kisichovutwa si lazima kiwe shaba. Alumini na zinki hazivutwi pia.

Kipimo cha pili ni tupa. Kwaruza mahali pasipoonekana, utazame rangi ya ndani. Shaba ya manjano ni ya manjano mpaka moyoni. Shaba nyekundu hugeuka nyekundu kama ngozi ya machungwa yaliyoiva sana. Zinki na alumini huwa nyeupe. Mabomba mengi ya kisasa yamepakwa rangi ya fedha juu, na ndani yake ni shaba au zinki tu. Tupa ndiyo ihukumuyo.

Kipimo cha tatu ni uzito. Shaba ya manjano ina uzito kama mara 8 na nusu ya maji ya ujazo ule ule. Chuma ni karibu mara 8. Alumini haifiki mara 3. Mkono uliozoea hutambua alumini mara moja.

Kipimo cha nne ni sauti. Kipande kizima cha shaba kikining'inizwa kwa uzi na kugongwa hulia kama kengele. Kilichopasuka hutoa sauti iliyokufa. Kipimo hiki ni cha bomba, bushi na sufuria peke yake. Ganda la risasi lisigongwe kamwe, kwa sababu itakayoelezwa hapa chini.

Kipimo cha tano ni kutenga. Shaba nyekundu, shaba ya manjano na rejeta zenye lehemu zisichanganywe gunia moja, maana mnunuzi hulipia gunia zima kwa bei ya kilicho duni.

Kuna kipimo kingine kisicho cha madini, nacho ni kuuliza, “Imetoka wapi?” Mita nyingi za maji zina mwili wa shaba ya manjano, na nyaya za stima ni za shaba nyekundu au alumini. Vitu hivyo ni mali ya watu wote. Shaba inayopatikana kwa kukata maji ya kijiji ni shaba mbaya, hata ikiwa safi namna gani.

RISASI ILIYOFICHIKA GUNIANI

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kudhani kwamba kila kilicho na ganda la shaba kimekwisha pigwa. Ganda tupu huwa na mdomo wazi, na fataki yake ina alama ya kugongwa. Lakini ziko risasi zilizogongwa na hazikuwaka. Fataki yake ina alama, na kichwa kingali mdomoni. Hizo zi hai. Yako pia maganda yenye mdomo wazi ambayo fataki zake hazijagongwa. Hizo nazo huweza kuwaka. Risasi isiyoeleweka na ihesabiwe kuwa hai.

Risasi hai ikitupwa tanurini hulipuka. Kwa kuwa haimo mtutuni, kichwa chake huenda kisiruke mbali, lakini ganda hupasuka na kurusha vipande vikali vya shaba, na makaa, na madini yaliyoyeyuka. Macho ya wanaovukuta ndiyo yaliyo karibu zaidi. Kuigonga kwa nyundo, kuikata kwa msumeno, au kuitoa kichwa kwa koleo ni kucheza na mauti.

Hatari ya pili ni moshi mweupe. Zinki huchemka kwa joto la digri 907, na shaba ya maganda haiyeyuki mpaka joto lipite hapo kidogo. Kwa hiyo kila ayeyushaye shaba hii huona moshi mweupe ukipanda. Ni zinki itokayo. Akiuvuta, baada ya saa chache hushikwa na baridi, homa, kiu na maumivu ya viungo, na mdomo huwa na ladha ya chuma. Kwa kawaida hali hiyo hupita baada ya siku moja au mbili. Katika nchi kama Busia, ambako malaria ni nyingi, mgonjwa hudhani ni malaria na kununua dawa dukani bila kupimwa. Aende zahanati apimwe damu, na amweleze mganga kwamba alikuwa akiyeyusha shaba. Kuyeyusha kufanywe nje, mtu akisimama upande utokao upepo, wala si chumbani.

Hatari ya tatu ni ile madini ya risasi, ambayo imo katika dawa ya fataki nyingi, katika lehemu ya rejeta, na katika shaba ya mabomba. Madini haya hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Watoto wasichezee maganda wala kuyapuliza kama filimbi, na mwenye kushika vyuma chakavu anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

WAJIBU WA MFANYA BIASHARA

Kazi ya vyuma chakavu nchini Kenya huongozwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka wa 2015, inayomtaka mfanya biashara awe na leseni. Uzito wa jambo hili ulionekana katika mwaka wa 2022. Tarehe 11 Januari mwaka huo nguzo za njia kubwa ya umeme itokayo Kiambere kwenda Embakasi zilianguka, na umeme ukakatika nchini. Wizi wa vyuma vya nguzo ukashukiwa. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu, na marufuku hayo hayakuondolewa mpaka mwezi wa Mei, pamoja na kanuni mpya. Kwa muda wa miezi zaidi ya mitatu mwenye mkokoteni aliyekuwa mwaminifu alikosa riziki yake pamoja na mwizi.

Basi, mwenye mizani wa Busia au Malaba na ayashike mambo haya. Awe na leseni. Aandike jina la kila amwuziaye na aina ya mzigo. Kila gunia limwagwe chini na kutazamwa kabla halijapimwa, wala lisipimwe likiwa limefungwa. Akikuta maganda matupu, asiyanunue wala kuyayeyusha kabla ya kuwauliza polisi. Akikuta risasi nzima, au kitu cho chote cha kijeshi asichokijua, asikiguse tena. Awaondoe watu na watoto, aweke alama mahali hapo, na kupeleka habari kwa chifu au kituo cha polisi, au kupiga simu nambari 999 au 112. Mzigo unaokwenda ng'ambo ya mpaka uonyeshwe forodha. Njia za panya huokoa saa moja na kuleta taabu ya miaka.

Kwa ufupi, ganda la risasi ni shaba njema sana lilipotoka kiwandani, na ni shaba ya mashaka likiisha kupigwa. Maganda 80 au 100 ya bunduki ya .303 ndiyo yafanyayo kilo moja tu. Rejeta moja kuukuu ya lori ina shaba zaidi ya hiyo, nayo haina baruti wala kesi. Tahadhari kabla ya hatari. Na kuuliza si ujinga.